Jirani Yako ni Nani Katika Kariakoo?

Jumamosi tarehe 16 Novemba, 2024, jumba la ghorofa nne liliporomoka katika Kariakoo, Dar es Salaam. Watu zaidi ya 20 walikufa, na waokoaji walichimba siku kadhaa. Shangazi yangu huuza vitenge si mbali na pale. Likizo iliyofuata aliniuliza: "Mwanangu, wewe unayesoma, mpita njia akiangukiwa na ukuta amdai nani? Yeye hakupanga chumba wala hakuandikiana na mtu."

Sikuwa na jibu, nikaenda kutafuta. Nasema hapa habari za madai ya fidia tu. Mashtaka ya jinai ni shauri la Jamhuri. Wala sisemi nani alikosa katika jumba lile.

Wasomaji wataniwia radhi nikianza na konokono. Mwaka 1928, katika mji wa Paisley, Uskoti, Bibi Donoghue alinunuliwa soda ya tangawizi na rafiki yake. Chupa ilikuwa nyeusi. Alipokwisha kunywa kiasi, alisema, akatoka konokono aliyeoza, naye akaugua. Hakuinunua yeye, basi hakuwa na mapatano na mtu. Hata hivyo mwaka 1932 malodi watatu kati ya watano huko London walikubali kwamba mtengenezaji aliwajibika kumwangalia mnywaji. Lodi Atkin alieleza kuwa jirani katika sheria ni yule ambaye tendo langu laweza kumdhuru kwa karibu, hata inipasa kumfikiri kabla ya kutenda. (Konokono mwenyewe hakuthibitishwa kamwe, shauri liliishia kwa suluhu.)

Tanganyika ilipokea sheria ya Kiingereza mwaka 1920. Hukumu za London za baadaye hazitufungi, ila majaji wetu huzitazama.

Basi jaji hufanyaje? Kwanza hutazama hukumu za zamani. Dereva na mwenda kwa miguu, daktari na mgonjwa, hayo yamekwisha kuamuliwa. Jambo likiwa jipya, huuliza maswali yaliyopangwa katika shauri la Caparo, mwaka 1990: je, madhara yaliweza kutazamiwa? Je, watu hawa walikuwa karibu vya kutosha? Tena, je, ni haki na busara kuweka wajibu huo?

Tumfikiri fundi anayekata nguzo chini ya nyumba yenye watu. Mwenye akili yeyote aona hatari. Na ukaribu? Hapana haja ajue majina. Kariakoo mchana ni wachukuzi, mikokoteni na wanunuzi wamebanana; anajua kwamba wapo. Mpita njia ni jirani yake.

Lakini mwenye duka wa Mbeya, ambaye mzigo alioagiza haukufika kwa sababu njia ilifungwa, akapoteza faida? Kwa kawaida mahakama humkataa, maana madai hayangekuwa na mwisho. Mimi naona ni ukali kidogo. Vivyo hivyo mgeni anayesimama kutazama tu hana wajibu wa kuokoa, ingawa siku ile vijana wengi walifukua kifusi kwa mikono.

Na wajibu ukiwapo, mdai hajashinda bado: lazima aonyeshe kwamba uangalifu ulikosekana, na kwamba ndio uliomdhuru.

Nilipomweleza shangazi, alinyamaza, akayatazama marobota yake yaliyorundikwa mpaka njiani, akamwita kijana ayaingize ndani.