Silaha za Jadi: Jina Kwanza, Chuma Baadaye

Utangulizi

Tangu mwaka 1963 bendera ya Kenya imebeba ngao moja na mikuki miwili iliyopishana. Katika nembo ya taifa, simba wawili nao wameshika mikuki. Twaziona picha hizi kila uchao, kwenye majengo ya umma na kwenye barua za serikali, wala hazitushtui. Lakini tukiulizwa mkuki huo una sehemu ngapi, na kila sehemu yaitwaje, wengi wetu tutainamisha vichwa. Hata sisi tujiitao wapenzi wa Kiswahili tutajibu kwamba mkuki ni mkuki, basi.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi silaha kongwe za jadi zinavyotambuliwa na kukusanywa, hususan zile za pwani na bara ya Kenya. Hoja yetu ni kwamba kazi ya kuitambua silaha huanza na jina kabla ya kufika kwenye chuma. Silaha iliyopoteza jina lake, jina la mhunzi wake na kisa cha aliyeibeba hubaki kuwa kipande cha chuma tu, hata ikiwekwa ndani ya kabati la kioo. Na kwa kuwa majina ni mali ya lugha, kazi hii haiwezi kuachiwa wanahistoria na wauza vinyago peke yao.

Ghala ya Majina

Kiswahili kina akiba kubwa ya msamiati wa silaha. Tukianza na zile za kuchoma na kurusha, tuna mkuki, ambalo ni jina la jumla; tuna fumo, mkuki wenye chembe pana na bapa; na tuna sagai, mkuki mwepesi wa kurusha. Upande wa upinde, ambao pia huitwa uta (wingi wake mata), kuna upote, yaani kamba yake. Kuna wano, ule uti wa mshale usiotiwa chembe. Kuna chembe na kigumba. Kisha kuna podo au ziaka la kuhifadhia mishale. Katika silaha za kukata tuna upanga, sime, kitara, jambia na hanjari. Rungu ni la kupiga, na ngao na deraya ni za kujikinga.

Majina haya yenyewe ni ushahidi wa kihistoria. Uta ni neno la Kibantu ambalo ndugu zake wanapatikana katika Kikamba na Kikikuyu, jambo linaloonyesha kwamba silaha hiyo ni ya tangu na tangu miongoni mwetu. Jambia, kwa upande mwingine, limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya ubavu, nalo lilikuja na majahazi pamoja na kifaa chenyewe. Hivyo basi, anayesoma orodha ya silaha za pwani husoma papo hapo historia ya wenyeji na wageni wao.

Isitoshe, fasihi yetu haieleweki vyema bila ujuzi huu. Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya pwani ya kaskazini, alibeba cheo ambacho jina lake ni lile lile la mkuki. Masimulizi yanasema kwamba alipochomwa kitovuni kwa sindano ya shaba, alipiga goti karibu na kisima akiwa ameushika uta wake, akafa katika hali hiyo. Watu wakaogopa kumsogelea kwa siku kadhaa. Msomaji asiyejua uta uliovutwa unavyoonekana atawezaje kuielewa hofu ya watu wale?

Hata hivyo, jina pekee halitoshi, na wakati mwingine hupotosha. Mfano mzuri ni kitara. Katika kamusi zetu, kitara ni upanga uliopinda. Nchini Omani, neno linalokaribiana nalo sana kwa sauti hutumiwa kuutaja upanga mrefu ulionyooka. Mkusanyaji akiandika "kitara" daftarini bila kuchora umbo wala kupima urefu, atakayelisoma daftari hilo baada ya miaka hamsini hatajua ni upanga upi uliokusudiwa. Kwa hiyo, jina liandikwe pamoja na mchoro, vipimo, lugha au lahaja ya aliyelitaja, na mahali lilipotajwa.

Alama za Mhunzi na Alama za Mkono

Baada ya jina, sasa tukitazame kifaa chenyewe. Silaha ya kale hujieleza kwa njia mbili: namna ilivyotengenezwa na namna ilivyotumiwa.

Zamani mhunzi aliyeyusha mawe yenye madini, akavuvia moto kwa mivukuto, kisha akaufua ule uvimbe wa chuma juu ya fuawe. Chuma cha namna hiyo hakilingani kila mahali. Huwa na tabaka, mistari midogo na alama za nyundo. Baadaye waya wa chuma uliingia bara kwa misafara ya biashara kutoka pwani. Joseph Thomson alipopita Umaasaini mnamo 1883, waya ulikuwa miongoni mwa bidhaa alizobeba ili kuruhusiwa kupita. Wahunzi wa Kimaasai, waitwao Ilkunono, walipata chuma kingi zaidi. Ndiyo maana mikuki ya awali ilikuwa na chembe ndogo yenye umbo la jani na mpini mrefu wa mti, ilhali ile ya mwishoni mwa karne ya 19 ina chembe ndefu, mshiko mfupi wa mti, na chuma kirefu cha chini kinachochomekwa ardhini.

Sime nyingi za karne ya 20 zimefuliwa kutokana na tupa kuukuu au springi za magari. Ukiitazama sime kwa makini, huenda ukaona mabaki ya meno ya tupa kwenye bapa lake. Alama hiyo haimaanishi kwamba sime ni ya bandia. Inamaanisha kwamba imetengenezwa baada ya chuma cha viwandani kuenea, na mhunzi aliyeifua ni mhunzi wa kweli. Kosa ni la muuzaji anayeiita ya enzi za mababu.

Dalili za matumizi nazo zina mantiki yake. Mpini ulioshikwa kwa miaka mingi huwa laini na mweusi pale tu kiganja kilipokaa. Ala huchakaa kwenye mdomo, mahali sime inapoingia na kutoka. Mtu akikuletea mkuki uliochakaa sawasawa kutoka juu hadi chini, jihadhari, kwa maana hakuna mkono unaoshika mkuki mzima kwa wakati mmoja. Kutu ya miaka mingi huwa nyeusi au ya kahawia iliyokoza, nayo imeng'ang'ania chuma. Kutu ya wiki iliyopita ni ya rangi ya machungwa na hubaki vidoleni. Ala iliyoshonwa kwa uzi wa nailoni haikushonwa na babu wa babu yako. Na mkuki ambao vipande vyake hufunguliwa kwa kuzungushwa kama parafujo ulitengenezwa ili uingie katika sanduku la mtalii.

Ngao ya kale ya Kimaasai ilitengenezwa kwa ngozi ya nyati, nayo ilichorwa michoro iitwayo sirata, iliyoonyesha rika na ukoo wa aliyeibeba. Ngao ndogo ya ngozi ya ng'ombe au mbuzi, iliyopakwa rangi ya dukani, ni pambo la ukutani. Jambia la Kiomani nalo hutambulika kwa ala iliyopinda karibu pembe mraba na kwa kuvaliwa mbele, katikati ya kiuno. Lakini mpini, ubapa na ala vyaweza kuwa vya nyakati tofauti. Katika panga za Omani si ajabu kukuta ubapa uliofuliwa Ulaya ukiwa na mpini wa Kiarabu. Hakuna udanganyifu hapo. Hiyo ndiyo historia ya Bahari ya Hindi.

Hadhari kwa Mkusanyaji

Kwanza, mishale ya kale si ya kuchezea. Wakamba, Wagiriama na Wawaata walitumia sumu iliyochemshwa kutokana na mti wa msunguti, sumu ambayo husimamisha moyo. Walifunga ncha kwa ngozi nyembamba ili sumu isikauke, na sumu hiyo yaweza kudumu miaka mingi. Ncha iliyo na utandu mweusi isiguswe kamwe.

Pili, silaha ya kale isisuguliwe, isinolewe, wala isipakwe vanishi. Wajapani wana funzo zuri hapa. Katika panga zao, jina la mfuaji huchongwa kwenye kile kipande cha chuma kinachofichwa ndani ya mpini, na kutu ya sehemu hiyo haiondolewi hata kidogo, kwa sababu ndiyo cheti cha umri. Anayeisugua hufuta ushahidi. Tangu serikali ya Japani ilipopiga marufuku uvaaji wa panga hadharani mwaka 1876, utamaduni wa upanga umeishi kwa sababu majina ya wafuaji na istilahi za kila sehemu zilihifadhiwa.

Tatu, kuna sheria. Biashara ya kimataifa ya kipusa imepigwa marufuku tangu 1977 chini ya mkataba wa CITES, kwa hiyo jambia lenye mpini wa pembe ya kifaru laweza kumtia mnunuzi matatani. Nchini Kenya, Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inakihesabu kuwa kitu cha kale kifaa kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895, nacho hakiruhusiwi kutolewa nchini bila kibali.

Vilivyovuka Bahari

Kwa nini haya yote yatuhusu? Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa mwaka 1905 na afisa wa Kiingereza, na fimbo zake za uongozi zikachukuliwa. Zilirejeshwa Kenya mwaka 2006, baada ya miaka mia moja na ushei. Ziliweza kurejea kwa sababu zilijulikana zilikuwa za nani. Kisa chake kilikuwa hai.

Je, vingapi havina kisa? Mradi wa utafiti ulioshirikisha Makumbusho ya Taifa ya Kenya umeorodhesha zaidi ya vifaa 32,000 vya Kenya vilivyo katika makumbusho ya ng'ambo. Mkuki ambao lebo yake inasema tu "mkuki, Afrika Mashariki" utadaiwa na nani? Na utadaiwa kwa jina gani?

Upotevu huo hautokei ng'ambo tu. Sime iliyofungiwa darini na mjukuu asiyejua kisa chake imepotea vilevile, ingawa haijavuka hata mto.

Hitimisho

Si lazima mwanafunzi wa Kiswahili awe na pesa za kununua jambia la fedha ili awe mkusanyaji. Anachohitaji ni daftari, kalamu na heshima. Likizo ijayo, aende kwa babu au nyanya yake, aamkie ipasavyo, aombe kuonyeshwa kilicho darini, kisha aulize: Chaitwaje? Kila sehemu yaitwaje? Nani alikifua? Nani alikibeba, na kwa shughuli gani? Ni nani hakuruhusiwa kukigusa? Akichore, akipime, kisha akirudishe alikokikuta. Silaha ibaki kwa wenyewe. Maneno yaje chuoni.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Chuma kikihifadhiwa vyema chaweza kungoja miaka mia nyingine, lakini mzee ajuaye jina lake hawezi kungoja hivyo. Fuawe na mivukuto tayari ni maneno ambayo wengi wetu huyakuta kamusini tu. Upote na wano visije vikafuata njia hiyo hiyo, ilhali sisi tuliopewa dhamana ya lugha tumekaa kitako.