Gari Linalolalia Mayai

“Fundi, gari yangu imelalia mayai tena,” aliniambia kwenye simu mzee mmoja wa Bukavu, asubuhi ya Januari, nikamwelewa palepale. Gari lake ni Lincoln Town Car ya mwaka 2000. Likilala nje usiku kucha kwenye baridi ya hapa Ohio, asubuhi unalikuta limekaa kitako, bampa la nyuma linakaribia kugusa theluji na pua imeelekea juu.

Wenzetu wengi huku wananunua magari haya, na siwalaumu. Gari lililokuwa likiwapokea wakubwa uwanja wa ndege, viti vya ngozi, gia kwenye usukani, watu sita wanaingia bila kubanana, nimeshaliona likiuzwa kwa bei ya chini kuliko Corolla ya umri uleule. Wanaolikimbia wanakimbia mafuta: mjini lita moja inakupa kama kilomita 7, barabara kuu 10. Wengine wanakimbia urefu. Lina karibu mita tano na nusu, wakati Probox ina mita nne na kidogo, kwa hiyo pima kwanza pale unapoegesha. Na kama unanunua ukiwa na ndoto ya kulisafirisha Mombasa, iache ndoto hiyo: usukani uko kushoto, na Kenya haipokei gari lililopita miaka 8.

Ukiivua ile ngozi na mbao, chini yake ni kazi ya lori. Chesisi ya chuma inajitegemea, bodi imefungwa juu yake kwa bolti, injini ya V8 ya lita 4.6 iko mbele, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Chesisi ya ukoo huohuo Ford waliitumia kwa Crown Victoria, gari la polisi na la teksi za New York, mpaka uzalishaji ulipokoma mwaka 2011. Hapo ndipo mwenye Lincoln anapopata nafuu: spea nyingi za injini, giaboksi na breki ni zilezile za teksi, yadi za magari ya kukatwa zimejaa, na mafundi wamezizoea. Kinachouma mfukoni ni vikorombwezo, vile viti vya umeme na visanduku vya kuendesha taa.

Injini yenyewe ni ngumu kuiua. Haina hata mkanda wa taimingi wa kubadilisha, ina cheni. Kinachokufa ni mpira na plastiki vinavyoizunguka, na hivyo havihesabu maili tu, vinahesabu na miaka. Ndiyo maana mtu akinijia anajisifu kwamba gari lake la 1999 limetembea maili 60,000 basi, mimi ndiye ninayeingiwa na wasiwasi. Teksi ya maili laki mbili imeshabadilishwa kila kitu kilichozeeka. Lake bado lina mipira ya kiwandani.

Chukua manifoldi ya kuingiza hewa. Kuanzia 1996 hadi 2001 ilitengenezwa yote kwa plastiki, pamoja na njia ya maji ya moto inayokatiza mbele ya injini, jirani na alteneta. Moto, baridi, moto, baridi, miaka inapita, plastiki inapata ufa mwembamba kama unywele. Maji ya rejeta hayamwagiki chini mara moja ukayaona. Yanatuama bondeni, kati ya safu mbili za silinda, mengine yanaingia kwenye mashimo ya plagi, na injini inaanza kukosa moto. Mwenye gari ananunua koili, wiki ijayo koili nyingine, na ufa uko palepale. Pua yako itakuambia mapema kuliko taa yoyote: ukisimama kwenye mataa unasikia harufu tamutamu, kama sukari inayoanza kuungua. Baadaye ile njia ya mbele iliwekwa ya aluminiamu, na manifoldi za kubadilishia zinakuja hivyo. Gari lako likiwa bado na ile ya plastiki tupu, usingoje ipasuke ukiwa njiani, kwani silindahedi zikishapata joto la kupita kiasi, bei ya matengenezo inaweza kupita bei ya gari. Na siku hiyo weka pia themostati mpya na mipira mipya ya maji. Umeshafungua, unafungia nini vya zamani?

Plagi nazo usizivamie. Silindahedi ni za aluminiamu, na nyingi za miaka hiyo zina uzi mfupi wa kushika plagi, mizunguko minne hivi. Plagi iliyofungwa kwa kubahatisha inaweza kufyatuka pamoja na koili yake, ukasikia mlio kama wa bunduki chini ya boneti. Acha injini ipoe kabisa, kisha funga kwa spana ya kupima nguvu. Mkono uliozoea hautoshi hapa, hata wangu.

Halafu kutu. Watu wa Tanga na Mombasa mnajua chumvi ya bahari inavyokula bati. Huku chumvi wanaimwaga barabarani wenyewe, makusudi, kuyeyusha barafu, na inarukia paipu za breki na chesisi miezi yote ya baridi. Kabla hujalipa, ingia chini na bisibisi. Gonga chesisi. Ikilia ngo, endelea kuongea bei. Bisibisi ikizama, mrudishie mwenyewe funguo zake.

Turudi kwa mzee. Nyuma ya gari lake hakuna springi za chuma. Kuna vibofu viwili vya mpira, kompresa ya kuvijaza iliyo mbele chini ya boneti, na kifaa kinachopima kimo. Kibofu kikipata nyufa, hewa inavuja usiku, na kutwa kompresa inahangaika kujaza kisichojaa, mpaka inaungua. Gereji moja ya mtaani kwake ilimbadilishia kompresa mara mbili katika mwaka mmoja. Nilizima swichi iliyo ndani ya buti (usipandishe gari hili kwa jeki kabla ya kuizima, utaviharibu vibofu), nikaliinua, nikanyunyiza maji ya sabuni. Kwenye mikunjo ya kibofu cha kushoto yakaota mapovu, madogo, yakikua taratibu kama ya uji unaotaka kuchemka. Cha kulia vilevile.

Nikamwambia kuna njia ya mkato: tung'oe vyote, tuweke springi za chuma, hatasumbuliwa na hewa tena. Wengi hufanya hivyo, na kwa anayebeba mizigo kila siku ningemshauri hivyo hivyo.

“Mwanangu,” akasema, “hii gari niliinunua juu ya kule kuelea kwake. Chuma nimepanda sana kwetu.”

Tukaweka vibofu vipya viwili na kompresa ileile. Nikamwomba apime kwa vidole, kati ya tairi na ukingo wa bodi, jioni na tena asubuhi. Kesho yake saa kumi na mbili na nusu akapiga, hakunipa hata nafasi ya kumwamkia.

“Vidole vinne jana,” akasema. “Vidole vinne leo.”