Kaskazi ya stratosfia tuiiteje?

Mswahili wa pwani akitamka ‘kaskazi’ na ‘kusi’, hataji mielekeo tu. Anataja misimu, safari za majahazi na riziki. Je, tuna istilahi za pepo zinazopokezana vivyo hivyo, lakini juu kabisa katika stratosfia, zaidi ya kilomita 16 kutoka ardhini?

Volkano ya Krakatoa ilipolipuka Indonesia mwaka 1883, vumbi lake lilisukumwa kuelekea magharibi, likaizunguka dunia kwa takriban wiki mbili. Mwaka 1908, Mjerumani Arthur Berson alirusha maputo eneo la Ziwa Viktoria, akakuta upepo unaotoka magharibi. Sasa nani alikosea? Hakuna. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilibainika kwamba pepo hizo hupokezana, na mzunguko mzima huchukua takriban miezi 28.

Zinatuhusu vipi? Upo msafara wa mawingu na mvua unaotoka Bahari ya Hindi kuelekea mashariki, ukirudia kila siku 30 hadi 60. Msafara huu huweza kuzidisha au kupunguza mvua za Afrika Mashariki. Watafiti wameona kwamba kati ya Desemba na Februari, pepo za stratosfia zikitoka mashariki, msafara hupata nguvu, na hata kuutabiri huwa rahisi zaidi.

Tatizo liko kwenye modeli za tabianchi. Modeli ni hesabu za fizikia zinazoigawa anga katika vijisanduku. Mawimbi madogo ya hewa yanayosukuma pepo za juu hayaenei katika vijisanduku hivyo, kwa hivyo athari yake hukadiriwa tu. Tena, modeli yenye matabaka machache huko juu haizai kupokezana kokote. Modeli kadhaa za sasa huzaa pepo hizo na msafara pia, ila uhusiano baina yake hufifia au hukosekana. Ni kama ngoma inapigwa, wachezaji wapo, lakini hawaisikii.

Pengo hili si la maabara pekee. Mkulima anayesubiri kupanda anahitaji utabiri wa wiki tatu au nne mbele, na hapo ndipo msafara huo una manufaa zaidi.

Napendekeza ‘zamu ya pepo za stratosfia’ na ‘msafara wa mvua’. Watangazaji wa hali ya hewa wakiyatumia, msikilizaji atajua utabiri umejengwa juu ya nini.