Mti wa dawa ya wanaume wategemea bustani

MWANAMUME akishapita umri wa miaka 50, ni jambo la kawaida tezi dume, ile iliyo chini ya kibofu na kuzunguka njia ya mkojo, kuanza kukua. Usiku huamka mara tatu au nne kwenda haja ndogo, na mkojo wenyewe hutoka kwa kudondoka. Wengi huona haya kumweleza daktari.

Dawa mojawapo inayotumiwa Ulaya kwa taabu hiyo hutokana na gome la mti wa kwetu. Wakikuyu huuita muiri, Wakalenjin huuita tendwet, nao wataalamu huuita Prunus africana. Humea katika misitu ya milimani kuanzia Cameroon hadi Kenya, Afrika Kusini na Madagaska. Uchambuzi wa tafiti kadhaa uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba dawa hiyo huleta nafuu ya kiasi. Haitibu saratani, na yeyote anayekojoa damu au ambaye mkojo umemziba kabisa asipoteze wakati na magome. Aende hospitali.

Balaa ya muiri ni namna unavyovunwa. Chakula kinachotengenezwa na majani hupitia kwenye gome kwenda mizizini. Ukiambua upande mmoja na kuuacha mwingine, gome huweza kuota tena. Ukiambua shina lote, mizizi hufa njaa na mti hukauka ukiwa umesimama. Wavunaji wengi, kwa haraka ya pesa, waliambua lote. Wengine waliuangusha mti kwanza ili wafikie matawi. Mwaka 1995 biashara hiyo iliwekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES, na 2007 Umoja wa Ulaya ukasimamisha ununuzi wa gome kutoka Cameroon.

Je, si mbegu ziwekwe kwenye friji basi? Ndivyo ifanyikavyo kwa mimea mingi. Tangu 2000 Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, taasisi ya utafiti wa misitu KEFRI na wengineo wameshirikiana na bustani ya Kew ya Uingereza. Mbegu hukaushwa na kugandishwa kwa nyuzi 20 chini ya sufuri. Fungu moja hubaki nyumbani, jingine hupelekwa kwenye hazina ya Kew huko Wakehurst.

Lakini mbegu ya muiri haipendi kukaushwa. Hupoteza uhai upesi na hutaka kupandwa ingali mbichi. Kwa hivyo hazina ya muiri ni mti wenyewe ulio hai, na hapa ndipo bustani zinapohitajiana. Bustani yenye miti mia iliyotokana na mama mmoja imehifadhi kidogo sana. Muiri wa milima yetu umetengana na ule wa Cameroon kwa muda mrefu mno, na hata kemikali za gome hutofautiana. Hakuna bustani moja yenye nafasi ya kupanda aina zote, basi kila moja hutunza za milima iliyo karibu nayo na kuandika mama wa kila mche alimea wapi.

Shirika la BGCI, linalounganisha bustani za mimea ulimwenguni tangu 1987, lina orodha ya kila bustani ina nini. Humo huonekana mmea uliobaki katika bustani moja tu, ambapo moto mmoja au ugonjwa mmoja watosha kuumaliza.

Bustani ya Limbe, iliyoanzishwa na Wajerumani nchini Cameroon mwaka 1892, ilishirikiana na Kew katika miaka ya 1990 kwenye mradi uliohesabu muiri wa Mlima Cameroon. Hapa kwetu, bustani ya Brackenhurst huko Tigoni, Limuru, imekuwa tangu 2000 ikiondoa miti ya kigeni na kurudisha ya kiasili.

Kubadilishana mbegu sasa kwataka makaratasi. Zamani mgeni alijaza mfuko akaenda zake. Mkataba wa Nagoya, ulioanza kutumika 2014, wataka nchi yenye mmea itoe idhini kwanza, na igawiwe faida. Kufikia hapo gome la muiri lilikuwa limeuzwa Ulaya kwa zaidi ya miaka 40.