TAYA NALO LIPEWE AMRI YA MGUU PANDE

Askari asimamapo lindoni, au polisi wa usalama barabarani aongozapo magari ya Kampala wakati wa msongamano wa jioni, macho na masikio yake yamo kazini. Kiko kiungo kingine kifanyacho kazi bila ya kuamriwa, nacho ni taya. Meno ya juu na ya chini hubanana, pengine husagana, na mwenyewe hana habari.

Jambo hili si la watu wachache. Mwaka 2013 wataalamu waliopitia tafiti za nchi mbalimbali walionyesha kuwa watu wazima kati ya 22 na 31 katika kila mia hubana au kusaga meno wakiwa macho. Mapitio mengine ya mwaka 2024 yalipata 23 katika kila mia. Kwa hesabu hiyo, katika platuni ya askari 30, huenda saba hivi wana mazoea hayo.

Kiini chake hasa ni wasiwasi, hasira iliyozuiwa na kukaza fikira kwa muda mrefu. Sigara, pombe na kahawa nyingi huhusishwa nayo pia. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 juu ya maafisa 57 wa Jeshi la Anga la Israel ulikuta meno yaliyolika sana kwa marubani 69 katika kila mia, ilhali kwa maafisa wasioruka walikuwa 27 tu. Ingawa alama hizo hazipambanui msago wa mchana na wa usiku, zatosha kutuonyesha kuwa kazi ya hatari huacha chapa kinywani.

Tumezoea kuambiana, “Jikaze, uma meno!” Kwa tendo la dakika moja, si neno. Lakini meno yameumbwa yakutane wakati wa kutafuna na kumeza; saa nyingine zote hupaswa kuachana kidogo. Yakibanwa zamu nzima, misuli huchoka, panja huuma, taya hulia likifunguliwa, na jino huweza kupata ufa. Wengi hunywa dawa za kichwa miezi mingi, kumbe chanzo kiko tayani.

Tiba ya kwanza haina gharama. Kila upokeapo simu ya upepo, au kila ubadilishapo mkono wa bunduki, jikague: midomo ikutane, meno yaachane, ulimi utulie, mabega yashuke. Maumivu yakidumu, muone daktari wa meno katika hospitali ya kikosi au Mulago. Naye aweza kukutengenezea kinga ya kuvaa menoni.

Kuwa macho hakudai meno yaliyobanwa. Wahenga walisema, jino la pembe si dawa ya pengo. Basi na tuyalinde tuliyo nayo.