Kweli au Uongo: Fremu za Video za Ruracio, Meru na Embu

"Piga kwa fremu 30 kwa sekunde, kompyuta itazigeuza ziwe 25 na hakuna atakayejua." Uongo, tena ndio unaoharibu kazi nyingi. Kati ya kila fremu 6, programu hutupa 1. Wazee wakiwa wameketi hemani, hutaona kasoro. Lakini kamera ikiwafuata akina mama wanaoingia na viondo kwenye ruracio (sherehe ya mahari) kule Runyenjes, au gari la bibi harusi likikata kona za barabara ya Embu–Meru, mwendo hushtuka mara 5 kila sekunde. Ukiiambia programu ibuni fremu za katikati badala ya kutupa, mikono ya wachezaji huyeyuka na kuungana. Mwendo ambao kamera haikuunasa hauwezi kurudishwa kikamilifu na mhariri.

"Basi tutumie puldauni, kama Hollywood." Uongo kwa hapa kwetu. Puldauni ya 3:2 ilibuniwa ili filamu ya fremu 24 ienee kwenye TV ya Marekani, inayoonyesha karibu nusu-fremu 60 kwa sekunde: fremu moja hushikiliwa kwa nusu-fremu 2, inayofuata kwa 3. Kenya ilitumia PAL, mfumo wa TV wenye nusu-fremu 50. Kwenye PAL filamu iliharakishwa tu hadi fremu 25. Ya dakika 120 ikaisha kwa dakika 115 na sekunde 12, na sauti, isiposahihishwa, zikawa nyembamba kidogo.

"TV ya analojia ilizimwa 2015, kwa hivyo 25 haina maana tena." Nusu kweli. YouTube inapokea fremu 25 na 30. Ila stima yetu bado ni hezi 50, na taa nyingi za kumbi hufifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/60 huacha michirizi ukutani. 1/50 au 1/100 huiondoa, hata ukibaki na fremu 30.

Fremu 50 kwa mwendo wa polepole? Kweli kabisa: ndani ya mradi wa 25 hupungua nusu kamili, bila kubuni chochote.

"Sauti ikiachana na midomo, ni kwa sababu ya kugeuza fremu." Mara nyingi ni uongo. Kugeuza kwa njia ya kawaida hakubadilishi urefu wa video. Chunguza kwanza simu: nyingi hurekodi kwa kasi ya fremu inayopanda na kushuka. Ifanye iwe thabiti kabla ya kuanza kukata.