Kufuatilia Mwendo wa Kundi Linalojifunza kwa Kompyuta

Kwa muda mrefu, watafiti wa ujifunzaji wa makundi kwenye kompyuta wametegemea zaidi kuhesabu. Mtafiti huchukua mazungumzo yote ya kundi, akaupa kila ujumbe alama ya aina yake, iwe swali, pendekezo, maelezo au pingamizi, kisha akajumlisha. Ili alama zisitegemee jicho la mtu mmoja, wasomaji wawili huziweka kila mmoja peke yake, na makubaliano yao hupimwa kwa kappa, kipimo alichokitoa Jacob Cohen mwaka 1960, ambacho huondoa makubaliano yanayoweza kutokea kwa bahati tu.

Kazi hiyo ni ya lazima, ila haitoshi. Kundi moja laweza kurundika maswali yote mwanzoni na maelezo yote mwishoni, na jingine likajibu kila swali papo hapo. Hesabu za makundi hayo zitalingana, ingawa hayakujifunza kwa namna moja. Mwaka 2009 Peter Reimann alilisisitiza jambo hili alipotofautisha utafiti unaotazama vigezo na ule unaotazama matukio: katika huo wa pili, jambo lililotangulia na lililofuata ni sehemu ya maelezo yenyewe.

Njia nyepesi ya kurudisha wakati ndani ya uchambuzi ni kuchunguza mfuatano. Baada ya pingamizi hufuata nini: maelezo, pingamizi jingine, au mada hubadilishwa? Kila jozi ya ujumbe huhesabiwa, na idadi yake hulinganishwa na ile ambayo ingetarajiwa kama ujumbe ungefuatana ovyo. Ming Ming Chiu alikwenda mbali zaidi. Mbinu yake ya takwimu hutafuta mahali mazungumzo yalipogeuka, ikayagawa katika vipindi, kisha ikapima kama ujumbe uliotangulia uliongeza uwezekano wa wazo jipya kuzaliwa.

Lakini takwimu haiwezi kuonyesha wazo linavyojengwa na watu kadhaa. Hapo ndipo ulipo uzito wa mradi wa Virtual Math Teams, ulioongozwa na Gerry Stahl katika Chuo Kikuu cha Drexel, Philadelphia, Marekani. Wanafunzi walioko mbali mbali waliandikiana huku wakichora kwenye ubao mmoja wa pamoja, na kompyuta ikahifadhi kila tendo pamoja na muda wake. Mwaka 2006 kundi la wanafunzi watatu lilijiwekea swali: pembesita iliyojaa pembetatu ndogo inahitaji vijiti vingapi? Kwa pembesita yenye upande wa kijiti kimoja jibu ni 12, kwa yenye upande wa vijiti viwili ni 42, na kadiri inavyokua kuhesabu kwa kidole hakuwezekani tena. Mtu akisoma maandishi yao peke yake hapati maana, kwa sababu maneno kama "hii" na "ile" yanaelekeza kwenye mistari iliyokuwa ikichorwa wakati huohuo. Kwa hiyo watafiti walitengeneza programu ya kuurudia mkutano mzima, polepole au haraka, ili waone mchoro, swali na fomula vikifuatana kama wanafunzi wenyewe walivyoviona.

Dan Suthers wa Hawaii naye alijali zaidi tendo la mtu kuchukua alichoacha mwenzake na kukiendeleza. Kiungo hicho chaweza kuruka ujumbe ishirini. Ndiyo maana anayetazama ujumbe unaopakana pekee hukikosa. David Williamson Shaffer na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison, huchora mtandao wa mawazo yanayotajwa karibu karibu ndani ya dirisha dogo la mazungumzo linalosogea.

Upana wa dirisha hilo unastahili uangalifu mkubwa, kwani ukibadilishwa, mtandao nao unaweza kubadilika. Saa ya kompyuta pia ina mipaka yake: inaweza kuonyesha ujumbe ulitumwa lini bila kuonyesha ulianza kuandikwa lini, na watu wawili wakiandika kwa pamoja, jibu laweza kuonekana limefuata swali ambalo mwandishi wake hakuwa amelisoma.

Kwa hiyo hesabu na marudio ya mkutano vinahitajiana, na ni heri kuanza na marudio, ili mtafiti ajue anahesabu nini. Utafiti unaotoa wastani wa ujumbe kwa kila kundi bila kuonyesha mfuatano wake bado haujaeleza kundi hilo lilijifunzaje.